Swali Lililoandikwa Ndani ya Bahasha ya Dawa

Mmeniomba niandike jinsi nilivyokuwa nikifanya kazi, nyinyi walimu wapya wa katekisimu mliochukua nafasi yangu, na nimekubali kwa moyo usiotulia. Mmeniingiza katika kundi lenu la simu la maswali ya Maandiko, nashukuru. Lakini juzi nilimwona mmoja wenu akijibu swali la talaka kabla aliyeuliza hajamaliza kuandika. Jibu lilikuwa sahihi, aya zote mahali pake. Mimi nilibaki na simu mkononi mpaka chai ikapoa, nikijiuliza yule mtu yuko wapi, na yuko na nani chumbani mwake. Hakuna aliyemuuliza.

Huenda mtasema Bi. Bernadeta kazeeka, sasa kila kitu kinamtia hofu. Kweli nimezeeka. Lakini hofu hii ina sababu, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza, ingawa nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kwa sababu kufika kwenyewe kunaniuma.

Nilifundisha dini miaka thelathini na mmoja katika kanisa letu hapa Mji Mkongwe. Vyombo vyangu vya kazi vilikuwa chaki, kiti chenye mguu mmoja wa kuazima, na sanduku la maswali. Sanduku lilitundikwa mlangoni mwa ukumbi, la mbao, lina tundu juu na kufuli ubavuni. Mtu anayeona haya kuuliza mbele za watu anaandika kikaratasi, hatii jina, anakitumbukiza. Jumanne nalifungua, nasoma, natafuta. Alhamisi alasiri, watu wakitoka kazini na kuja darasani, nayajibu.

Maswali ya watu ni yale yale tangu nimeanza. Mke wa Kaini alitoka wapi? Adamu alikuwa na kitovu? Ngamia atapitaje katika tundu ya sindano, na asipopita, tajiri afanyeje? Huyo mke wa Kaini nimemzungumzia mara nyingi mpaka nikamwona kama mkwe wangu. Msikasirike mkiulizwa jambo moja mara mia. Kwenu ni mara ya mia, kwa aliyeuliza ni mara ya kwanza, na pengine alikaa mwezi mzima akijikaza.

Mwaka mmoja alikuja mhubiri mgeni kutoka bara, akasoma katika Mambo ya Walawi kwamba kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba hafai kuliwa. Akashuka mimbarini, akapanda boti, akaenda zake. Alituachia sanduku limejaa pweza. Karatasi kumi na tano, zote pweza, na moja iliyouliza, "Na ngisi je?" Kuna mama alikuwa ameshamwaga sufuria nzima ya pweza wa nazi, na mumewe alikuwa hajasema naye siku tatu. Niliwafungulia Matendo ya Mitume, lile shuka Petro aliloliona likishuka na wanyama wa kila namna, nikawaeleza sheria ya kale iliwahusu nani na kwa nini. Watu wakaridhika. Yule mama hakuridhika, yeye alitaka mchuzi wake.

Mimi nimefunzwa kazi na Mwalimu Gaspari, katekista aliyenitangulia, mtu mfupi, sauti ya chini, asiyeweza kuharakishwa hata na mvua. Nilipokuwa mgeni kazini, mtu aliuliza lile neno Sela katika Zaburi lina maana gani. Nilikuwa sijui. Lakini nilikuwa na umri wenu, na kusema sijui niliona aibu, basi nikawaambia maana yake ni Mungu apewe sifa. Wiki ya pili bibi mmoja wa mbele akaanza kusema "Sela" badala ya "Amina". Wiki ya tatu safu yake nzima ikamfuata. Mwalimu Gaspari akaniita pembeni.

"Nani kakwambia maana yake hiyo?"

"Nilidhani tu, Mwalimu."

"Hakuna anayejua kwa hakika. Wenye elimu wanakisia ni alama ya waimbaji, pengine wanyamaze kidogo. Alhamisi simama useme hujui."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Halafu ndiyo watakuamini."

Walinicheka kweli. Yule bibi aliendelea na Sela yake mpaka anazikwa, na sikuwa na uso wa kumkataza.

Jambo kubwa alilonifunza Mwalimu Gaspari lilihusu karatasi. Alikuwa hasomi swali mpaka amekigeuza kikaratasi huku na huku. Mtu haandiki jina, alikuwa akisema, lakini karatasi imetoka nyumbani kwake. Hii imechanwa katika daftari la skuli, basi ni mzazi anayeandika mtoto akiwa amelala, au ni mtoto mwenyewe. Hii ni kipande cha boksi la sabuni, basi huyu yuko dukani, na ameandika akiwa amesimama. Hii ina doa la mafuta ya taa. Kisha alikilaza kikaratasi mpaka kesho yake. "Kwanza mjue anayeuliza," alisema, "halafu utajua anauliza nini." Nilimwona mchawi. Baadaye nikajua ni mtu mwenye subira tu, na subira ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Sasa nifike.

Miaka michache kabla sijastaafu, Mwalimu Gaspari akiwa ameshatangulia, wiki moja nilikuwa na homa, sikulifungua sanduku Jumanne. Nikalifungua Alhamisi mbele ya darasa, nikawa nachomoa kikaratasi, nasoma, najibu papo hapo. Watu walifurahi. Ilikuwa kama mchezo, na mimi, nakiri, nilifurahi kuliko wao. Nilikuwa na sifa ya ulimi mwepesi na nikataka kuionyesha.

Cha tano kilisema hivi: "Dhambi isiyosamehewa ni ipi, na mtu anajuaje kama ameshaitenda?"

Mnalijua swali hili, litakufikieni kabla mwaka haujaisha. Linatoka katika Mathayo kumi na mbili. Yesu amemtoa mtu pepo, wakubwa wa dini wameona kwa macho yao, na bado wanasema ametumia nguvu za mkuu wa pepo. Ndipo akasema kila dhambi itasamehewa isipokuwa kumkufuru Roho Mtakatifu. Niliyaeleza haya vizuri. Kipande cha kwanza cha swali nilikijibu hata padri asingeona la kuongeza.

Kilibaki kipande cha pili. Nilitazama ukumbini nikamwona Deogratias, karani mmoja aliyependa kunitega kwa maswali, anatabasamu. Nikasema moyoni, huyu ndiye aliyeandika. Nikakikunja kikaratasi, nikasema, "Aliyeitenda anajijua mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikachomoa cha sita.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole ungelifunga kitambaa.

Zilipita siku kumi na mbili. Nilikuwa na desturi ya kunakili maswali katika daftari na vikaratasi kuviweka katika bati la biskuti, na kwa ile homa kazi hiyo ilikuwa imelala. Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, nikakaa barazani kunakili. Nikakifungua kile kikaratasi, nikaona kina mikunjo ya ajabu pembeni na kinanata. Nikakigeuza. Kilikuwa bahasha ya dawa, zile ndogo wanazotilia vidonge spitali. Ilikuwa imebanduliwa gundi, ikatandazwa, ikaandikwa ndani palipo peupe. Upande wa nje paliandikwa jina la mgonjwa, jina la dawa, tarehe, na kimoja asubuhi kimoja jioni, siku thelathini.

Jina lilikuwa Leokadia. Si jina lake la kweli, lakini nitamwita hivyo. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, mume na mke wanafanya kazi katika kitalu cha mikarafuu Kizimbani. Kila Jumapili walikuja mjini kusali. Mwezi mmoja kabla alijifungua mtoto wa kike, na mtoto hakuishi hata siku moja. Mimi mwenyewe nilikwenda mazikoni. Halafu nikakumbuka kwamba sijamwona kanisani Jumapili mbili.

Nilipeleka ile bahasha mbio kwa jirani yangu Bi. Zuhura, mkunga mstaafu, tuliyekaa ukuta kwa ukuta miaka ishirini, yeye na msikiti wake mimi na kanisa langu. Akavaa miwani.

"Hizi za presha, mwenzangu. Huyu mzazi?"

"Amezaa, mtoto kafa."

"Dawa hizi haziachwi." Akaitazama tarehe, akaniuliza kikaratasi kilitiwa sandukuni lini, akahesabu kwa vidole. "Ilikuwa na siku kumi tu alipoifungua hivi. Bahasha haibanduliwi ikiwa na vidonge. Sasa vidonge kavitia wapi?"

Nikamweleza swali. Nikamweleza na jibu langu, neno kwa neno. Bi. Zuhura hakunilaumu, na heri angenilaumu.

"Kwetu sisi," akasema, "kukata tamaa na rehema ya Mungu ndiyo kosa lenyewe. Kwenu sijui. Vaa viatu. Mkwe wangu yupo na gari, atatupeleka."

Akachukua kipimo chake cha presha na mkoba. Njiani nilikuwa nikifanya hesabu isiyokwisha, siku kumi na mbili, vidonge viwili kwa siku, na kila kona nikiona watu wamekusanyika nilidhani ni msiba, kumbe wananunua mihogo. Mtu anayeamini hukumu yake imeshakatwa hana sababu ya kumeza dawa. Nilijua hilo, na nilijua nani aliyesoma hukumu, kwa sauti, na watu wakacheka.

Nisije nikasahau: baadaye nilisimama ukumbini nikalifuta jibu lile mbele ya watu wale wale. Niliwaambia nilimjibu mtu niliyemdhania badala ya mtu aliyeuliza. Kama mtakosea, na mtakosea, nendeni mkafute pale pale mlipoandika, msifute faraghani. Lakini hilo lilikuwa baadaye, na siku ile nilikuwa sijui kama kutakuwa na wa kufutiwa.

Mlango wa nyumba yao Kizimbani ulikuwa umerudishwa tu. Nikabisha hodi mara tatu. Mara ya nne sauti ikajibu kutoka ndani, "Karibu," kwa uchovu.

Mumewe alikuwa kitaluni, yeye amekaa kitandani, uso umevimba, miguu imevimba. Alitaka kusimama kwa heshima, nikamzuia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kichwa kinauma?"

"Tangu juzi. Na macho yanaona vimulimuli."

Bi. Zuhura alishaanza kumfunga kipimo mkononi. Akatazama namba, akahamia mkono wa pili, akapima tena. Mkunga akipima mara mbili mimi huogopa.

"Dawa zako ziko wapi?" akamuuliza.

"Nilizitia kikombeni. Baada ya Alhamisi ile nikazitupa chooni."

"Kwa nini?"

Leokadia akanitazama mimi, si yeye. "Mwalimu anajua. Nilikuja kusikiliza jibu, nikakaa nyuma Alhamisi ile. Umesema aliyeitenda anajijua. Mimi nnajijua."

Akaeleza, bila kulia, kama mtu anayesoma orodha. Siku mtoto alipokufa, akina mama wa kanisa walizunguka kitanda chake spitali, wakaomba Roho Mtakatifu amfariji. Akawaambia huyo si Roho Mtakatifu, ni shetani, na kama ni yeye aliyemchukua mtoto basi asimkaribie. Alisema mara mbili, ya pili kwa kupiga kelele. Walipoondoka alifungua Biblia kutafuta faraja, akakutana na Mathayo kumi na mbili.

"Leokadia, presha iko juu sana," Bi. Zuhura akasema. "Twende spitali sasa hivi."

"Nitibiwe ili iweje? Niishi miaka mingapi, halafu niende wapi?"

Nikaanza kazi yangu. Nilimwambia wale waliokaripiwa walikuwa watu wenye moyo mgumu, si mama mwenye uchungu. Nikamwambia anayeogopa kuwa ameitenda ndiye ambaye hajaitenda, maana moyo uliokufa hauogopi. Hilo ndilo jibu zuri kuliko yote, limeandikwa na walimu wakubwa kuliko mimi, mtalikuta na nyinyi. Nililisema kwa machozi.

"Hilo ulikuwa unalijua Alhamisi?" akauliza.

"Nilikuwa nalijua."

"Mbona hukulisema?"

Nikamwambia nitamleta padri. Akasema, "Padri atanifanyia nini, ikiwa haisameheki?" Bi. Zuhura aligusa saa yake ya mkononi kwa kidole. Nje mkwewe alikuwa ameacha gari inanguruma.

Maneno ya vitabu yaliniishia pale, wanangu. Karibu miaka thelathini, na sikuwa na jingine. Kilichobaki kilikuwa kimoja, na nilikuwa sijakitoa kwa mtu yeyote.

"Sikulisema," nikamwambia, "kwa sababu swali lile nalikimbia. Nilikuwa na binti, Anjela. Alikufa na homa ya siku nne, umri kumi na tisa. Siku ya mazishi padri alisema Roho ndiye msaidizi wetu. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikamtukana huyo Roho. Nilimwita muuaji. Nilimwita jina lile lile ulilomwita wewe. Kesho yake nikaenda kufundisha."

Bi. Zuhura akanigeukia. Alikuwa jirani yangu siku ile, yeye ndiye aliyemwosha Anjela pamoja na wanawake wa kanisa. Hakuwa akijua.

"Ulimuuliza nani?" Leokadia akasema.

"Sikumuuliza mtu."

"Hata padri?"

"Hata marehemu mume wangu."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na saba."

Nilimwona anafikiri, na nilikuwa na hofu, maana nilijua nimempa jiwe jingine la kujifungia shingoni. Mwalimu mwenyewe yumo, yeye atatokaje? Nilitamani niyarudishe maneno yangu kinywani.

"Basi niulize mimi," akasema.

Nilidhani ananidhihaki. Nikatazama uso wake, hakuna dhihaka.

"Niulize, Mwalimu. Kama watu wanavyokuuliza wewe."

Sikuwa nimewahi kuwa upande ule wa sanduku. Nikasema, "Leokadia, mama aliyefiwa na mwanawe, akamtukana Roho Mtakatifu kwa uchungu. Anasamehewa?"

Hakujibu upesi. Alishika ncha ya kanga yake, akaikunja, akaikunjua. Hakuwa akitafuta aya, hakuzijua nyingi. Alikuwa akinitazama mimi, nywele zangu nyeupe, na mimi nilingoja jibu lake kama mtu anayengoja mlangoni pa daktari.

"Anasamehewa," akasema. "Alikuwa kafiwa. Mungu anajua mtu akifiwa anavyokuwa. Hawezi kumshika kwa neno la siku ile."

Kisha akayasikia aliyoyasema. Akaufunika mdomo kwa kanga, na machozi aliyoyaweka mwezi mzima yakatoka. Mimi nilikuwa nalia kabla yake.

Bi. Zuhura, anayeijua kazi yake, hakumpa nafasi ya kulifikiria upya. "Haya mwanangu, spitali. Viatu vyako viko wapi?"

"Uvunguni," akasema Leokadia.

Nikapiga magoti kuvitoa.